Mashimo ya Nepia ya Kimilili

Ukitoka Kamukuywa kuelekea Kimilili mwezi wa sita, macho hushikwa na mahindi. Ndiyo fahari ya Bungoma na ya jirani yake Trans Nzoia, na kila apitaye hukadiria magunia. Nyasi hazimshughulishi mtu. Nepia imesimama ukingoni, kwenye mpaka na jirani au kando ya mtaro, mahali ambapo jembe halina kazi nyingine. Mahindi yalipandwa kwa mbolea, yakapaliliwa, yakatiwa mbolea ya kukuzia, CAN, yalipofika magotini. Nepia imeachiwa mvua. Jioni mwenye shamba anaingia na panga, anakata mzigo, anamtupia ng'ombe, kisha anashangaa mbona maziwa hayaongezeki.

Nataka kuwasifu wale wachache wanaofanya kinyume. Wapo Maeni, wapo Kibingei, wapo hata nyuma ya maduka ya Kimilili mjini, watu wenye robo ekari au nusu ekari ya nepia wanayoihesabu kuwa zao kamili lenye haki ya kulishwa. Nimewatazama sana wakiwa kazini, na kadiri ninavyowatazama ndivyo ninavyozidi kuamini kwamba ufundi wa ng'ombe wa maziwa huanza shambani, kabla haujafika zizini.

Kazi yenyewe huanza na shimo. Linachimbwa futi mbili kwenda chini na futi mbili upana, na hapo wengi hukata tamaa, maana udongo mwekundu wa miteremko ya Mlima Elgon mwezi wa Februari, jua likiwa limeupiga tangu Desemba, si mchezo. Mwenye kuijua kazi hachimbi kwa pupa. Huchimba machache kila asubuhi hadi mvua za Machi zimkute tayari, na akichimba hutenganisha. Udongo wa juu, ule mweusi wenye vijizizi, anauweka upande mmoja. Wa chini, mwekundu na mgumu, anauweka upande wa pili. Akiuchanganya amejipotezea nusu ya jasho lake, kwa sababu udongo wa juu peke yake ndio utakaorudi shimoni, ukichanganywa na debe moja au mawili ya mbolea ya ng'ombe iliyoiva. Wa chini unajengewa tuta upande wa bondeni. Shimo halijazwi hadi mdomoni. Linaachwa pungufu kiasi cha shubiri, ili mvua ikimwagika maji yasimame pale, yanywewe taratibu, yasiteremke mtoni Kibisi yakiwa yamebeba rutuba ya watu.

Vipande vya nepia vyenye vifundo vitatu vinachomekwa kwa mshazari, vifundo viwili ndani ya udongo na kimoja nje, vitano hadi kumi katika shimo moja. Upandaji huu unaitwa tumbukiza, na watafiti wa kituo cha Kitale wameupima mashambani pamoja na wakulima wa eneo hili. Palipo na mvua ya kutosha, ekari moja iliyopandwa hivi na ikatunzwa inaweza kuwalisha ng'ombe wawili hadi watatu mwaka mzima. Neno hilo, "ikatunzwa", ndilo lenye uzito. Shimo ni chungu tu; kinachofuata ni miaka ya kupika.

Kinachofuata kina hesabu, na hesabu hiyo ndiyo iliyonifanya niwaheshimu wakulima hawa. Ng'ombe wa gredi mwenye kilo 400 hula karibu kilo 70 za nepia mbichi kwa siku. Nyingi ya hizo ni maji. Ukiyaondoa unabaki na kilo 12 au 13 za chakula kikavu. Nepia ikiwa bado changa, protini ni kama asilimia 9 ya hicho kikavu, na ndani ya protini ndimo ilimo naitrojeni. Fuata hesabu hadi mwisho: kila siku gramu 180 hivi za naitrojeni hubebwa kichwani kutoka shambani hadi zizini. Kwa mwaka zinafika kilo 66. Mfuko wa CAN wa kilo 50 una kilo 13 za naitrojeni. Kwa hiyo ng'ombe mmoja hula naitrojeni ya mifuko mitano ya CAN kila mwaka, hata kama mwenyewe hajawahi kununua mfuko mmoja. Ilitoka udongoni. Mwaka wa kwanza udongo unatoa bila kulalamika, wa pili unatoa, wa tatu nepia inakuwa nyembamba na ya manjano, na mwenye shamba anasema mbegu imechoka.

Sasa mfuate huyo ng'ombe. Akitoa lita 10 za maziwa kwa siku, gramu 50 hivi za naitrojeni zimeingia kwenye maziwa na kuishia kwenye chai za watu. Zilizobaki, karibu robo tatu, zinatoka nyuma yake, kwenye kinyesi na kwenye mkojo. Kwa bei ya ruzuku ya shilingi 2,500 kwa mfuko iliyotangazwa mwaka 2023, ng'ombe mmoja anamwaga zizini kila mwaka naitrojeni ya zaidi ya shilingi 9,000. Haiwezekani kuiokoa yote. Lakini tofauti kati ya anayeokoa nusu na anayeacha yote ipotee ndiyo tofauti unayoiona ukisimama mpakani mwa mashamba mawili yaliyopandwa siku moja, mbegu moja.

Ndiyo maana nikiingia katika boma la mfugaji hodari, sitazami ng'ombe kwanza. Natazama sakafu. Kama ni ya saruji, ina mwinamo kidogo, na mtaro unaopeleka mkojo kwenye pipa au shimo lililofunikwa. Kama saruji haijapatikana, basi udongo umeshindiliwa na juu yake yametandikwa mabua makavu ya mahindi yaliyokatwakatwa, yanywe mkojo usiku kucha, asubuhi yakusanywe. Lundo la samadi liko kivulini. Limefunikwa kwa majani ya migomba, maana jua huifukuza naitrojeni ikapaa, na mvua huiosha ikazama. Samadi iliyoachwa wazi tangu Krismasi hadi mvua za Machi ina sura ya mbolea na nguvu kidogo sana.

Katikati ya lundo amechomeka kijiti kirefu kilichochongwa ncha. Hicho ndicho kipimajoto chake. Anakichomoa, anakishika papo hapo kwa kiganja, anakigeuza, anakinusa. Kikitoka na joto na unyevu, lundo linafanya kazi. Kikitoka kikavu na kina ukungu mweupe, anaongeza maji. Kikitoka baridi muda mfupi baada ya kulundika, lundo limekwama na inabidi ligeuzwe. Baada ya majuma kadhaa kijiti kinatoka baridi kwa sababu nyingine: kazi imekwisha, samadi imekuwa nyeusi, inavunjika vidoleni, na inanuka udongo wa msituni. Mara zote mbili ni baridi, ila mkono uliozoea unajua ipi ni ipi. Ningependa sana kuona kijiti hicho kikifundishwa shuleni.

Samadi peke yake hata hivyo haitoshi, na hapa sikubaliani na wanaosema mbolea ya dukani ni sumu ya ardhi. Kuna maziwa yanayouzwa, kuna samadi inayopelekwa kwenye mahindi na sukuma wiki, kuna ile iliyopotea. Pengo linabaki. CAN huliziba, ikitumika kwa mkono mwangalifu.

Mama mmoja mzee wa upande wa Kibingei hupima CAN kwa kifuniko cha soda. Baada ya kukata na kupalilia, anasubiri siku chache hadi machipukizi mapya yatokeze kwenye visiki. Mkato umeiachia nepia akiba ndogo iliyo kwenye kisiki na mizizi, na machipukizi yakitoka ndipo njaa inapoanza na mbolea inapopokelewa. Akimwaga mapema sana, palizi haijafanyika, magugu yatakula kwanza. Akichelewa, nepia imeshajijenga kwa udhaifu. Nilimkuta siku moja na mjukuu wake, kijana wa sekondari aliyekuwa na haraka ya kwenda uwanjani.

"Kukhu, tumwage sasa hivi, mawingu haya hapa."

"Mawingu si mvua. Shika udongo kwanza."

Kijana akainama, akafinyanga udongo wa shimoni. Ulishikana kidogo kisha ukapasuka.

"Umeona? Kesho. Na asubuhi tusije na umande. Majani yakiwa na maji mbolea itayaunguza."

Siku iliyofuata udongo ulikuwa umelowa na majani yamekauka. Kila shimo lilipata vifuniko vitatu, vikamwagwa kwa kuzunguka shina, upana wa kiganja kutoka kwenye visiki, visiguse chipukizi. Kijana akafunika kwa mguu. Nilipiga hesabu baadaye: mfuko wa kilo 50 ukigawanywa kwa mashimo 2,500, kila shimo linapata gramu 20, na vifuniko vyake vitatu havikuwa mbali na hapo. Hakuna aliyempimia kwa mizani. Alifika hapo kwa kutazama nepia inavyojibu.

Kutumia kidogo kwa wakati wake kuna ushahidi wa karibu na nyumbani. Esther Duflo, Michael Kremer na Jonathan Robinson walifanya majaribio kwenye mashamba ya mahindi ya wakulima wa Busia, na mwaka 2008 wakachapisha matokeo. Kijiko cha chai nusu cha mbolea ya kukuzia kwa kila shimo la mahindi kilirudisha faida ya karibu asilimia 70 kwa mwaka. Kifurushi kamili kilichopendekezwa rasmi, chenye mbolea nyingi na mbegu bora, kwa wastani hakikuwalipa wakulima wale. Yalikuwa mahindi, si nyasi. Hata hivyo mama wa Kibingei na kifuniko chake wanakaa upande uleule wa jambo: faida iko kwenye kipimo na wakati. Watafiti hao waliona pia kwamba mkulima hununua mbolea ikimfikia msimu wa mavuno, pesa zikiwa bado mfukoni. Mwenye nepia ana nafuu hapo. Mahindi humlipa mara moja kwa mwaka; maziwa humlipa kila siku, na mfuko wa CAN unaweza kununuliwa kwa akiba ya majuma machache tu.

Sehemu hii ya nchi ina historia ndefu ya nyasi kuliko watu wengi wanavyokumbuka. Kampuni ya Kenya Seed, ambayo leo jina lake ni mahindi matupu, ilianzishwa Kitale mwaka 1956, na mbegu za malisho zilikuwa sehemu ya kazi yake ya mwanzo. Kituo cha utafiti cha Kitale kilikuwa na wataalamu wa nyasi kama A. V. Bogdan, aliyekusanya na kuchambua nyasi za Afrika Mashariki, kazi iliyomwezesha kuandika kitabu kikubwa kuhusu malisho ya nchi za joto kilichotoka mwaka 1977. Boma Rhodes wanayofunga marobota Trans Nzoia ina asili hapo. Setaria ya Nandi ilivuka bahari ikapandwa Australia. Nyasi zetu zilipata heshima ugenini, zikapewa mbolea na uzio, huku nyumbani tukiendelea kuzikata mpakani bila kurudisha kitu. Jambo hilo hunikera kila nikilifikiria.

Kuna ufundi mwingine unaohitaji jicho zaidi ya mkono: kutofautisha nepia yenye njaa na nepia mgonjwa. Mwishoni mwa miaka ya 1990 ulionekana Bungoma ugonjwa wa kudumaa kwa nepia, unaosababishwa na vimelea vidogo viitwavyo fitoplazma. Hubebwa na mdudu mdogo anayefyonza utomvu wa majani, na husafiri pia ndani ya mbegu tunazogawiana kwa wema. Anayeona nepia fupi ya manjano hukimbilia mfuko wa CAN, na hapo anatupa pesa. Njaa ya naitrojeni huanzia majani ya chini, yale yaliyozeeka, na hushika mstari mzima kwa namna moja. Ugonjwa huchagua. Shina moja linadumaa katikati ya wenzake walio wazima, vifundo vinakaribiana, majani yanakuwa madogo na mengi kama ufagio, na mara nyingi hujitokeza baada ya kukata, wakati chipukizi jipya linapokosa nguvu ya kuinuka. Hakuna mbolea inayoliponya. Mkulima hodari huling'oa na mizizi yake siku hiyohiyo na kulichoma. Inauma kuchoma kitu ulichokilisha miaka mitatu, na nimewaona wakifanya hivyo bila kusitasita.

Wengine wamelipa shamba ulinzi wa ziada kwa kupanda desmodiamu kati ya mistari. Mkunde huo hufunika udongo, huvuta naitrojeni kutoka hewani, na ni chakula chenye protini nyingi kuliko nepia. Ndio uleule wa mtindo wa vuta sukuma ambao taasisi ya ICIPE yenye makao Kenya, pamoja na kituo cha Rothamsted cha Uingereza, iliutengeneza kupambana na funza wa mabua na gugu kayongo, ukajaribiwa mapema katika mashamba ya Trans Nzoia. Katika mtindo huo nepia huzunguka mahindi, desmodiamu huwa katikati.

Rothamsted hiyohiyo ina somo jingine linalotuhusu. Tangu mwaka 1856 wanafanya jaribio katika uwanja mmoja wa nyasi, kila kipande kikipewa mbolea yake mwaka baada ya mwaka. Vipande vilivyotiwa salfeti ya amonia bila chokaa vilikuwa na asidi kali, na aina nyingi za mimea zikatoweka. Mwaka 1903 wakaanza kujaribu chokaa. Magharibi mwa Kenya tunajua ladha ya jambo hilo. Mbolea za DAP na yurea zikirudiwa misimu mingi katika udongo ambao tayari una asidi huzidi kuuchachusha, na fosfati inafungwa humo mizizi isiifikie. Wanaolijua hili hupima udongo kabla ya kununua mfuko, huchagua CAN kwa kukuzia kwa kuwa ina kalsiamu, huleta chokaa ya Koru, na hurudisha shimoni jivu la jikoni, ambalo lina potasiamu na hupunguza asidi. Jivu hilo kwa miaka mingi tulilitupa nyuma ya choo.

Basi kata kwa wakati. Sentensi hiyo fupi imebeba nusu ya faida yote. Nepia iliyolishwa vizuri hufika kimo cha mita moja ndani ya majuma sita hadi manane mvua ikiwepo, na hapo ndipo panga linapoingia. Ikiachwa hadi imzidi mtu kimo, mzigo unakuwa mkubwa wa kupendeza na jirani anakusifu, lakini shina limekuwa mti, protini imeshuka, na ng'ombe anashiba bila kupata cha kugeuza maziwa. Pesa uliyoweka kwenye CAN imegeuka kuni. Tena si vizuri kukata mapema sana baada ya kutia mbolea, wala kumpa ng'ombe nepia iliyotiwa naitrojeni nyingi kisha ikapigwa na kiangazi, kwa sababu naitreti inayorundikana ndani ya majani inaweza kumuua. Wakulima ninaowasifu hupanga shamba kwa vipande, kila kipande na juma lake, hivi kwamba ukipita leo utakuta visiki vibichi hapa, machipukizi pale, na kule majani yaliyo tayari. Kiangazi kikifika, mkojo uliochacha pipani unatiwa maji na kumiminwa kwenye mashimo, na nepia hiyo inabaki kijani Januari wakati mpakani kwa jirani imeshakauka.

Watu huja kuomba mbegu, na hapo mama wa Kibingei ana sharti lake. Hampi mtu kipande kimoja kabla hajaenda kuliona shimo lake. Anatembea hadi shambani kwa mwombaji, anatazama kama udongo wa juu umetengwa, anachukua samadi mkononi na kuivunja, anauliza ng'ombe analala wapi na mkojo wake unakwenda wapi. Shimo likiwa kina cha goti la mtoto, anamwambia arudi akichimba. Likiwa sawa, anarudi kwake, anachagua mashina yasiyo na dalili ya ugonjwa, anakata vifundo vitatu vitatu, na anahesabu vipande vitano kwa kila shimo alilolikagua, hakuna cha ziada.